Barua Chini ya Betri

Siku za soko, Tochi aliamka kabla jogoo wa jirani hajakumbuka kazi yake. Alijaza maji kopo, akachukua kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati la shule, akatoka uani kufuta vioo viwili vya taa za mbele za pikapu. Alifuta kwa kuzungusha mkono polepole, cha kulia kwanza kisha cha kushoto, kama alivyofundishwa. Alipomaliza, mama alikuwa ameshaketi kwenye usukani, amevaa sweta kuukuu la baba lililompwaya mabegani.

“Zinawaka?” mama aliuliza baada ya kubonyeza swichi.

“Zinawaka, mama.”

“Zinawaka, au zinajitahidi?”

Tochi aliitazama ile mianga miwili ya njano, rangi ya chai iliyoongezwa maji ili iwatoshe wageni. “Zinajitahidi,” alikiri, nao wakacheka kidogo. Kisha pikapu ikakohoa, ikatoka getini, ikaenda mashambani kuchukua nyanya na kabichi za kuuza sokoni.

Kazi hiyo ilikuwa ya baba. Baba aliugua wiki tatu tu mwaka uliopita, akafariki, na mama akashika usukani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuushika. Pikapu yenyewe ilikuwa na umri mara mbili ya Tochi na ushee, na Tochi alikuwa na miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa mtu mchangamfu, lakini kwa kusahau hakuwa na mpinzani. Aliwahi kurudi nyumbani kwa miguu, akala, akaoga, ndipo akakumbuka kwamba gari ameliacha sokoni. Kwa hiyo alitembea na plasta nyeupe mfukoni, ile ya kubandika kwenye vidonda, na kila kitu kilichotaka kukumbukwa alikiandikia plasta. Mlango wa jikoni ulikuwa na maneno: “Kitasa hiki kina hasira. Sukuma taratibu.” Redio iliandikwa: “Nikizimwa, nizimwe kweli.” Kwenye mlango wa pikapu alibandika: “Kioo hakishuki. Usibishane nacho.”

Sasa plasta hizo zilikuwa zinabanduka. Kila asubuhi Tochi alizipitia moja moja na kuzikandamiza kwa kidole gumba. Siku plasta ya mlango wa jikoni ilipoanguka na kukanyagwa kwenye maji, mama, ambaye hata mazishini alijikaza mbele za watu, alikaa kizingitini akalia mpaka chakula kikaungua.

Plasta moja hakuna aliyejua habari zake isipokuwa Tochi. Usiku ilipobandikwa alikuwa na miaka tisa, wanarudi kutoka mashambani na baba, mvua inanyesha, na taa za mbele zikazimika ghafla. Baba alisimamisha gari pembeni, akafungua boneti, akapenyeza mkono chini ya kibebeo cha betri. Waya ulikuwa umekatika. Alizisokota ncha zake pamoja, na binti yake akamshikia tochi huku akimkatia tepu nyeusi kwa meno, kipande baada ya kipande. Katikati ya kazi baba alitoa plasta, akaandika kitu, akakibandika juu ya kiungo cha waya.

“Umeandika nini, baba?”

“Barua.”

“Ya nani?”

“Ya fundi atakayefungua,” baba alisema, akaizungushia tepu nyingine juu yake ili mvua isiilowanishe. Taa zikawaka. Baba akamtazama mwanawe aliyelowa chapachapa na bado hajashusha mkono, akamwambia kwamba tangu leo yeye ndiye Tochi. Jina lake halisi likabaki kwenye daftari la mahudhurio shuleni.

Jumamosi moja Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, alikuja na kiboksi mkononi. Yeye alikuwa fundi umeme wa magari, mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko. Mtaani alisifika kwa mambo mawili: hasemi uongo kwa mteja, na vidole vyake ni vinene hata kalamu humponyoka.

“Shikamoo, Baba Mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Mwite mama yako. Nimechoka kumwona shemeji yangu akisafiri na vibatari.”

Ndani ya kiboksi mlikuwa na balbu mbili za LED, nyeupe, za kisasa. Waliipeleka pikapu gereji, na Baba Mdogo akazichomoa balbu za zamani, akazifunga kwenye gazeti na kuziweka rafuni. Akachomeka zile mpya. Ya kulia iliwaka. Ya kushoto ilinyamaza.

“Imekufa?” mama aliuliza.

“Haijafa, shemeji, inaringa. Balbu ya zamani ukiipa umeme kutoka upande wowote, inawaka na kushukuru. Hizi zinataka chanya ipite kwake na hasi ipite kwake.” Aligeuza plagi, akaichomeka upya, na taa ikawaka nyeupe pe. Mama akapiga makofi.

Lakini injini ilipowashwa, taa zote mbili zikaanza kupepesa.

Baba Mdogo alikuna kidevu. “Hapo ni hasi,” alisema. Akamgeukia Tochi, maana alipenda kueleza kazi yake. “Sikiliza, mwanangu. Umeme ni kama mtoto aliyetumwa dukani. Kwenda tu hakutoshi, lazima awe na njia ya kurudi nyumbani. Kwenye gari, njia ya kurudi ni bodi lenyewe. Waya wa hasi umefungwa kwenye bodi kwa boliti, na pakiwa na kutu, umeme unakwama. Zipo sehemu tatu. Mbili ni hizi hapa juu. Ya tatu, inayorudisha umeme wa taa zote mbili za mbele, iko kushoto chini ya betri, na mkono wangu haupiti. Fungua kila moja, sugua kwa msasa mpaka shaba ing’ae, funga.”

Tochi alivaa ovaroli iliyokunjwa miguu mara nne, akaanza. Sehemu ya kwanza alisugua mpaka ikang’aa, na ya pili vilevile. Kwa ya tatu alilala juu ya ukingo wa gari, akapenyeza mkono chini ya kibebeo cha betri, akapapasa.

Vidole vyake viligusa tepu. Ilikuwa fundo gumu, limezungushwa na kuzungushwa, na kwenye ncha yake alihisi ukingo uliochanika, mahali alipokata kwa meno yake akiwa na miaka tisa. Hapa ndipo barua ilipokuwa.

Alibaki amelala pale, shavu kwenye bati la gari. Maneno mengine yote ya baba alikuwa ameshayasoma mpaka ameyakariri. Hili peke yake hakulijua. Maadamu fundo halijafunguliwa, baba bado alikuwa na neno moja ambalo hajalisema. Likifunguliwa na kusomwa, basi, atakuwa amemaliza. Akalibana fundo kidogo kwa vidole, kama mtu anayeaga, akautoa mkono.

“Tayari?” Baba Mdogo aliuliza.

“Tayari.”

“Na ile ya chini?”

“Nimeisugua mpaka shaba imeng’aa.”

Maneno yalitoka mepesi hata yeye mwenyewe akashangaa. Injini iliwashwa, na taa zikatulia, hazikupepesa hata kidogo. Kule kulibana fundo kulizigusanisha ncha za waya kwa muda, lakini Tochi hakulijua hilo. Alijiambia kwamba kumbe hapakuwa na ubaya wowote.

Baba Mdogo aliielekeza pikapu kwenye ukuta wake mweupe wenye mstari mweusi, akazishusha taa mpaka mwanga ukakaa chini ya mstari. “Sasa hata sisimizi nitamwona sura,” mama alisema, na mafundi wote wakacheka.

Jumatatu mama alirudi kutoka sokoni uso umemkunjamana. Kwenye njia ya lami taa zilikuwa safi. Alipoingia barabara ya mashimo, zilikatika, zikarudi, zikakatika tena. Isitoshe, muuza maziwa, mzee mmoja wa baiskeli aliyepishana naye kila alfajiri, alimpigia kelele: “Mama, unataka kutupofusha?” Taa za kisasa ndani ya vikombe vya taa za zamani zilitawanya mwanga ovyo, hata baada ya kushushwa.

Jioni hiyo Baba Mdogo aliihamisha balbu ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. “Kama ugonjwa ni wa balbu, utahama nayo,” alieleza. Ugonjwa haukuhama. Alibadilisha fyuzi. Akabadilisha rilei, kile kidude cheusi kinachozipa taa umeme. Alipima kwa mita, na gari likiwa limesimama, mita ilionyesha kila kitu kizuri.

“Tochi, ile ya chini ya betri ulifungua kweli? Naona kama kuna tepu nyeusi huko.”

“Niliifungua, Baba Mdogo, halafu nikaifunga upya.”

“Haya,” alisema, akaendelea kutafuta kwingine. Ndivyo uongo wa kwanza ulivyopata mdogo wake.

Jumatano zilizimika kwa muda mrefu zaidi. Mama alisema alihesabu mpaka nne gizani, mguu kwenye breki. Baba Mdogo aliifumua swichi, akavuta waya mpya kutoka betri mpaka kwenye balbu, akalala chini ya dashibodi mpaka mgongo ukamkataa. Alipoinuka alikuwa amechoka, jasho linamtiririka. Akamwuliza Tochi mara ya tatu, si kwa kumshuku, ila kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

“Njia ya kwenda ni nzima yote. Na ya kurudi, mwanangu, una hakika?”

Tochi alitazama viatu vyake. Kusema sasa kulikuwa kugumu kuliko Jumamosi, maana ingebidi aeleze na hizo siku nyingine zote. “Nina hakika,” alisema.

Baba Mdogo alifuta mikono. “Basi, shemeji, nimebadilisha kila kinachobadilishika. Gari limepona.”

Ijumaa alfajiri Tochi alifuta vioo, cha kulia kwanza kisha cha kushoto. Usiku hakulala vizuri, na neno lilikuwa limemjaa mdomoni.

“Zinawaka?” mama aliuliza.

Tochi alifungua mdomo. Mama alikuwa anatabasamu, mkono mmoja kwenye gia, amechelewa. “Zinawaka, mama.”

Pikapu ikatoka getini.

Katikati ya somo la pili, Baba Mdogo alitokea mlangoni pa darasa. Hakuwa amenawa mikono. Mwalimu alitoka kuzungumza naye, akarudi, akamwambia Tochi kwa sauti ya chini achukue mfuko wake. Tochi aliuchukua, akamfuata Baba Mdogo.

Habari alizipata njiani. Taa zilizimika zote mbili kwenye barabara ya mashimo, karibu na kalavati. Muuza maziwa alikuwa anavuka akisukuma baiskeli. Mama alimwona dakika ya mwisho, kivuli tu, akakata usukani. Pikapu ikaingia mtaroni na kulala ubavu. Mzee hakuguswa, ila maziwa yake yalimwagika yote, na ni yeye aliyemvuta mama kutoka ndani ya gari.

“Yuko hai,” Baba Mdogo alisema mara mbili, kama aliyekuwa anajihakikishia mwenyewe. “Mkono umevunjika na amegonga kichwa. Yuko hai.”

Hospitalini waliambiwa wasubiri. Walikaa kwenye benchi refu, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa mabega. Tochi alimpoteza baba mwaka jana. Leo, kwa maneno mawili, alikuwa karibu kumpoteza na mama.

Baba Mdogo aliinamisha kichwa, akakishika kwa ile mikono yake minene. “Ni mimi,” alisema. “Nilimwambia mjane wa kaka yangu gari limepona. Kwa kinywa changu. Leo nikitoka hapa nakwenda kukishusha kibao cha gereji. Mtu asiyeweza kuona kosa kwenye taa mbili hastahili kuitwa fundi.” Na machozi yakamdondoka, yakaangukia sakafuni mbele ya watu wote.

Tochi hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi.

“Sikuifungua,” alisema.

“Nini?”

“Ile ya chini ya betri. Sikuifungua hata mara moja. Ni tepu ya baba. Aliifunga yeye, mimi nikamshikia tochi. Ndani kuna barua yake, na mimi… sikutaka iishe.” Hakuweza kuendelea. Alilia mpaka akawa anavuta pumzi kwa kwikwi.

Baba Mdogo alimgeukia. “Nilikuuliza mara tatu,” alisema. “Mara tatu, Tochi.” Hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi ya kupigwa. Akainuka, akaenda kwenye bomba la nje, akanawa uso na kusimama pale ameinama, maji yakitiririka bure. Tochi alidhani hatarudi.

Alirudi. Alikaa karibu zaidi kuliko mwanzo, na mkono wake mzito ukatua begani kwa Tochi. Wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipowaita.

Mama alikuwa amelala, kichwa kimezungushiwa bandeji, mkono wa kushoto umefungwa hogo jeupe la kushikilia mfupa kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Kwenye kiti kando yake palikuwa na sweta la baba, mkono mmoja umekatwa kwa mkasi kutoka juu mpaka chini. Tochi alitaka kusema kila kitu papo hapo, lakini daktari alikuwa amempa mama dawa ya maumivu, na macho yake yalikuwa yanafumba. “Kesho,” mama alinong’ona. “Kesho niambie.”

Pikapu ilikuwa imeshavutwa na kuletwa gereji, ubavu umebonyea. Jumamosi asubuhi Baba Mdogo aliing’oa betri, akakitoa na kibebeo chake, mpaka lile fundo jeusi likaonekana wazi. Mkono wake sasa ungeweza kupita. Alirudi nyuma hatua moja.

“Utafungua wewe,” alisema. “Mimi nitashika tochi.”

Akashika tochi.

Tochi alitafuta ule ukingo aliokata kwa meno, akauvuta. Tepu ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande. Chini yake ikaonekana plasta nyeupe iliyogeuka rangi ya kahawia. Aliibandua polepole, na chini ya plasta kulikuwa na waya uliooza, umejaa ukungu wa kijani, nyuzi mbili tatu tu zimeshikana.

Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko wa baba, ule wa kulalia kushoto, ulisomeka.

*Ya muda tu, irudiwe. Tochi anikumbushe.*

Tochi aliusoma mara moja. Akausoma tena. Barua haikuwa ya fundi peke yake, ilikuwa na jina lake ndani, jina ambalo baba aliliandika usiku uleule kabla hata hajalitamka. Baba alijua kazi yake haijakamilika. Alimtegemea yeye, akasahau kumwambia, maana ndivyo alivyokuwa, na akaizungushia tepu juu.

Alikaa chini kwenye vumbi na vipande vya waya, akalia kwa sauti. Baba Mdogo aliisoma ile plasta, akatamka jina la utotoni la kaka yake, naye akakaa chini pembeni. Mafundi wengine walijifanya wana shughuli upande wa pili wa gereji.

Kisha Baba Mdogo akajikohoza. “Hata mimi fundo hili nisingelifungua kwa moyo mwepesi,” alisema. “Lakini ungeniambia, tungelifungua wawili. Haya. Simama. Mwenye kazi amesema irudiwe.”

Waliirudia. Tochi aliukata waya mpaka wakaikuta shaba nyekundu, nzima. Alisugua bodi kwa msasa mpaka chuma kikang’aa. Baba Mdogo alimwonyesha namna ya kubana kichwa kipya cha waya kwa koleo, na Tochi akakaza boliti mwenyewe, mpaka spana ikagoma. Kisha betri ikarudishwa, taa zikawashwa, na mafundi wanne wakaitikisa pikapu mbele na nyuma kama wanaoamsha mlevi. Taa hazikupepesa.

Baba Mdogo alizitazama, akakunja uso, akaenda rafuni. Alirudi na lile gazeti. “Nataka kuona kitu,” alisema. Alichomoa balbu nyeupe, akachomeka zile kuukuu za kaka yake.

Ziliwaka kwa nguvu. Mwanga wa njano uliijaza sehemu ya chini ya ukuta, chini kabisa ya mstari mweusi, safi, bila kutawanyika hata kidogo.

“Hazikuwa zimechoka,” Baba Mdogo alisema taratibu. “Miaka yote hii zilikuwa zinakosa njia ya kurudi tu. Nami fundi mzima nikakimbilia kununua mpya kabla ya kupima. Basi zibaki hizi. Na muuza maziwa atapona macho.” Kosa lake alilisema wazi mbele ya mafundi wote, na hakuna aliyemcheka.

Mchana walikwenda hospitali. Mama alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni. Tochi alisimama mguuni pa kitanda, akaeleza yote kuanzia Jumamosi ya kwanza, bila kuruka hata uongo mmoja. Mwisho akaiweka plasta kwenye kiganja kizima cha mama.

Mama alisoma.

“Njoo hapa,” mama alisema. “Unaliona hilo sweta? Tangu baba yako afariki sijalifua, nikiogopa harufu yake itaondoka. Jana wauguzi walitaka kulikata, nikawakatalia. Nikawaambia wanivue. Wakajaribu, nikapiga kelele kwa maumivu. Muuguzi mmoja akaniambia, ‘Mama, mkono wako uko ndani.’ Nikamwambia akate. Nililia, mwanangu. Lakini angeliacha, mkono ungeharibika.”

Alimfuta Tochi machozi kwa kidole gumba.

“Nimekasirika, nisikufiche. Na mzee wa watu tungemuua. Lakini si kwa sababu ulishindwa kuifungua ile tepu. Hata mimi ningeshindwa. Kosa ni kwamba ulisema umefanya, na hukufanya. Baba yako Mdogo alitafuta wiki nzima huku akilitegemea neno lako. Mimi niliendesha gari gizani nikilitegemea neno lako. Mtu akikuuliza ‘umefanya?’ hakuulizi ili akusifu, anauliza ili ajue pa kuweka mguu. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ikikuuma, sema inaniuma. Hakuna atakayekuchukia kwa hilo. Umesikia?”

“Nimesikia, mama. Nisamehe.”

“Nimekusamehe. Ukitoka hapa nenda kwa muuza maziwa, umwambie kwa kinywa chako.”

Tochi alikwenda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasugua goti lake, akasema kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa anaosha madumu ya maziwa kila jioni baada ya shule, mpaka mama atakapotolewa hogo. Tochi aliitikia, na aliosha kweli, kila jioni.

Lakini siku hiyo, kabla ya kwenda nyumbani, alipita kwanza gereji. Alimwomba Baba Mdogo plasta na kalamu. Alilala juu ya ukingo wa pikapu, akapenyeza mkono chini ya betri, akabandika barua yake karibu na boliti mpya, waziwazi, bila tepu, mahali ambapo kila fundi atakayeinama angeiona.

Baba Mdogo aliinama na tochi, akasoma.

*Imerudiwa, baba. Samahani nimechelewa kukukumbusha.*